Bastola ya Mfuko wa Aproni

Abilene, Texas
3 Machi 1996

Bibi mpendwa,

Sisi huku wazima, mgonjwa ni usingizi peke yake. Marlee anaota magego ya mwisho, na ameamua kwamba kama yeye halali basi hakuna wa kulala. Curtis wangu yuko baharini kwenye mtambo wa mafuta, kwa hiyo wa kukesha ni mimi tu. Nakuandikia nimekaa juu ya mashine ya kufulia. Sasa hivi imeanza kukamua nguo, basi ukiona mwandiko unatetemeka usidhani nina homa.

Ile kazi nimeipata. Asubuhi nafungua maduka matatu ya kufulia, napiga deki, natoa sarafu kwenye mashine, nazipeleka benki. Sikukwambia mapema kwa sababu ungeniuliza aliyekuwa nayo kabla yangu ameenda wapi, nami sijui kukudanganya. Alivamiwa mlangoni na mfuko wa sarafu mkononi. Amepona, ila hakurudi. Funguo zake ninazo mimi, na Marlee huwa yuko nami garini mpaka jirani yangu aamke anipokee.

Kwa hiyo nimejiandikisha darasa. Umesikia redioni, tangu Januari serikali inaruhusu mtu atembee na bastola iliyofichwa mwilini, mradi asome, alenge shabaha mbele ya mwalimu na atoe alama za vidole. Mwalimu wetu ni Bwana Pruitt, polisi mstaafu, anatafuna vijiti vya meno mpaka vinaisha. Kaniambia nichague bastola yangu kabla ya mtihani na nisichague kwa macho. Nikamwuliza, "Sasa nichague kwa kitu gani?" Akasema, "Kwa maisha yako, binti." Jibu zuri la kutundika ukutani, lakini dukani halinisaidii. Muuzaji aliponiona na mtoto akanitolea moja yenye mpini wa mbao nyekundu, akasema hiyo ndiyo ya kike. Nikamwuliza inajuaje kwamba ni ya kike.

Ndipo nikakukumbuka wewe na pochi yako nyeusi. Naiona mpaka leo. Haikuwekwa sakafuni hata siku moja. Ilikaa kwenye msumari karibu na mlango wa jikoni, ilinukia pipi za mnanaa na mafuta ya kusafishia bunduki, na sisi wajukuu tulipita chini yake tukiwa tumebana mikono kama tunapita mbele ya mbwa. Kanisani uliishika mapajani kwa mikono miwili. Nilipokuwa mdogo nilidhani wanawake wote wananuka hivyo, mnanaa na mafuta ya bunduki, na kwamba hiyo ndiyo harufu ya usalama.

Wewe umetembea na bastola tangu kabla hawajairuhusu. (Barua hii ukishaisoma, ichome.) Niambie nichague ipi.

Na jambo jingine. Jirani yangu anahamia Amarillo mwisho wa Mei. Naomba Marlee aje akae kwako Juni mpaka shule zifunguliwe, kama nilivyokuwa nikikaa mimi. Nataka aogeshwe uani kwenye lile karai la bati. Nataka ajue mapichi yanayoliwa mtini na jua lake, maana ya dukani anayala kama dawa.

Wako,
Twyla


Tolbert Wells
10 Machi 1996

Mjukuu wangu Twyla,

Barua nimeipata na sijaichoma. Polisi wote wa wilaya hii nimewafuta kamasi kwenye shule ya Jumapili, nani kati yao atathubutu kuja kunikamata?

Nimecheka, mwanangu. Nimebeba miaka yote hii, leo serikali inaniambia, haya Oleta, sasa unaweza. Ahsante yao.

Nisikilize. Chukua ya gurudumu. Hizo za magazini, za kuchomekewa kibweta cha risasi kwenye mpini, ni za vijana wenye muda wa kuongea na bastola. Mara ivute nyuma, mara isukume, mara kitufe hiki, mara imekwama. Ya gurudumu ukiifungua unaziona risasi zimekaa kama mayai kwenye trei. Unajua zipo, au unajua hazipo. Ukivuta inalia, isipolia unavuta tena. Mtu mwenye mtoto mkono mmoja anahitaji kitu kisicho na maswali.

Sasa ipi kati ya hizo, hapo hata mimi siwezi kukuchagulia, ila nitakwambia babu yako alivyofanya. Ilikuwa kiangazi cha hamsini na moja. Kisima cha mafuta kilikuwa kimechimbwa kule nyuma, na wanaume wasiojulikana wakawa wanapita barabarani. Hollis akaazima bastola tatu kwa mwenye duka la vifaa, akazipanga juu ya meza ya jikoni bila risasi. Nikadhani atanifundisha kulenga. Akasema kulenga baadaye. Akaniambia, "Leo una kuku wa kunyonyoa. Vaa hii kwenye mfuko wa aproni mpaka saa sita, vaa hii mpaka saa tisa, vaa hii mpaka jioni." Nikanyonyoa kuku siku nzima na chuma mfukoni, namtukana kimoyomoyo. Jioni akaniuliza, "Ipi imekuudhi?" Nikamwambia ya kwanza ilikuwa inanigonga paja, ya pili ilikuwa inanivuta shingo kama ng'ombe wa kukokota. Akasema, "Na ya tatu?" Nikamwambia, "Ya tatu ipi?" Nikapapasa mfukoni, kumbe ipo. Akacheka mpaka akakaa. "Hiyo ndiyo yako," akasema. "Ile utakayoisahau."

Ndiyo hiyo niliyonayo mpaka leo. Basi na wewe vaa, fanya kazi, halafu ujiulize.

Kuhusu kitukuu changu, unaomba kitu ambacho ni chako? Mlete. Nimeshamwambia Verdell hapo jirani anishushie kitanda kidogo kutoka darini. Usimkate nywele, nitamsuka mwenyewe.

Bibi yako,
Oleta


Abilene
19 Machi 1996

Bibi,

Nimefanya kama Babu. Bwana Pruitt aliniazima tatu bila risasi. Nilipomweleza jaribio la kuku akatoa kijiti mdomoni, akasema, "Huyo mzee angefundisha darasa langu."

Siku ya kwanza nilivaa ile kubwa ya magazini kiunoni, upande wa kulia, kwenye ala ya ngozi. Mpaka deki ya duka la pili ilikuwa sawa. Kisha Marlee akalia nikambeba. Bibi, mimi mtoto nambeba upande wa kulia. Miaka miwili na nusu nyonga yangu ya kulia ni kiti chake. Akakaa juu ya mpini, akapiga kelele, mimi nikapiga kelele, mwanamke aliyekuwa anakunja shuka akatutazama kama wehu. Tena hiyo kuikoki siiwezi. Kidole gumba changu kinauma tangu nianze kumnyanyua huyu mtoto, kikichanganyika na nguo mbichi ndiyo basi. Nilivuta mpaka machozi, Bwana Pruitt akageuka kutazama ukuta kwa heshima.

Siku ya pili nilivaa ndogo ya gurudumu mfukoni mwa koti. Joto likapanda, nikavua koti, nikalitundika kwenye kiti, nikaenda kumwaga maji. Nilipogeuka nikaona koti langu limekaa peke yake na watu kumi wanapita. Nikasema hapana.

Siku ya tatu niliweka kwenye pochi, kama wewe. Nilifurahi asubuhi nzima. Nilijiona kama mtu mzima. Nilipokuwa nafungua sanduku la sarafu Marlee akanivuta suruali. "Mama, shika." Nikasema subiri. "Mama, shika, nzito." Alikuwa anatafuta biskuti, Bibi. Biskuti zake nazibeba humo humo, na nepi, na kitambaa cha kamasi. Pochi yangu ndiyo kabati lake la chakula. Alitoa kilichokuwa juu ya biskuti akawa ananipa, kwa adabu, kwa mikono miwili, mtutu ukimtazama yeye.

Haikuwa na risasi. Ninakuandikia tena: haikuwa na risasi. Bado nilikaa sakafuni kwenye maji ya deki, mpaka akaanza kunifuta yeye.

Kwa hiyo pochi hapana. Sijui nitavaaje, ila pochi hapana.

Na sasa nakuuliza kwa upole. Pochi yako siku hizi inakaa wapi? Marlee anapanda viti. Anapanda kila kitu. Naomba kabla hajafika iwe mahali asipoweza kuifikia.

Nakupenda,
Twyla


Tolbert Wells
26 Machi 1996

Mjukuu wangu,

Mtoto hakuumia, na wewe ulikuwa umetoa risasi kama mtu mwenye akili. Acha kujitesa.

Ila usinifundishe pochi. Nimelea watoto wanne na wajukuu saba chini ya ule msumari na hakuna aliyeugusa. Hatukuwafungia vitu, tuliwalea. Nyie siku hizi mnaweka kufuli kwenye makabati ya sabuni halafu mnashangaa watoto hawasikii.

Pochi iko kwenye kiti cha jikoni, kile cha karibu na jiko. Msumari umekuwa juu kidogo. Sijui nyumba imeshuka au msumari umepanda. Usianze kuuliza habari za bega, bega langu zima.

Umenikumbusha babu yako. Nilikwambia alivyonichagulia ile bastola? Alileta mbili kutoka Sweetwater, nami nilikuwa na pasi siku hiyo, nguo za kanisani za nyumba nzima. Akaniambia nivae huku napiga pasi. Nikavaa. Jioni akaniuliza ipi imekuudhi, nikamwambia ile ya pili nilisahau kama ninayo. Akacheka mpaka akakaa. Hollis alikuwa akicheka lazima akae, miguu ilikuwa haimbebi na kicheko pamoja.

Njooni Pasaka. Kutakuwa na paja la nguruwe na mikate, na Verdell ataleta pai. Kitanda cha Marlee nimekitandika. Nimemnunulia kikombe cha njano. Usiogope, nimekusikia. Mtakapofika hatakiona chochote cha kumdhuru.

Bibi yako


Abilene
9 Aprili 1996

Bibi,

Nilitaka kukwambia haya Jumapili jikoni, lakini Verdell alikuwa ameshika pai na wewe ulikuwa umevaa hereni ulizopewa na Babu. Sikuweza.

Ulimwambia Verdell ni kitambaa kilichoangukia ndani ya oveni, naye akaamini. Mimi ndiye niliyefungua mlango wa oveni. Nilisikia harufu ya ngozi inaungua nikadhani ni paja la nguruwe, halafu nikakumbuka paja liko mezani. Ulikuwa umewasha oveni kwa ajili ya mikate. Mkanda wa pochi ulikuwa umejikunja kama mkia wa nguruwe, na pipi zote zilikuwa zimeyeyuka zinadondoka.

Nilizima gesi nikawatoa nje wote, nikasema moshi unamsumbua mtoto. Mkakaa chini ya mti wa pekani. Ukamwimbia Marlee, akapiga makofi. Mimi nilikuwa nimesimama kati yenu na ukuta wa jikoni, nasikiliza. Nilikuwa naisikiliza ile nyumba kama mtu anayesikiliza kifua cha mgonjwa. Bastola haikulia. Baadaye niliingia peke yangu nikaifungua, nikatoa risasi zote, zilikuwa bado za moto.

Uliponikuta pale ukasema kwa sauti ndogo, "Niliificha kwa ajili yako. Ulisema asiifikie."

Nikasema, "Najua, Bibi."

"Nilisikia gari lenu nikaiweka humo upesi."

"Na kisha ukasahau."

"Nani amesahau?" ukasema. "Nilikuwa najua iko wapi. Sikujua tu kama nimewasha."

Bibi, uliificha kwa upendo. Hilo nalijua kuliko ninavyolijua jina langu. Kama ungekuwa mzembe ningekasirika, na ningependa sana kukasirika, ingekuwa rahisi.

Na sisemi haya kukuaibisha, ila lazima niyaseme. Barua yako ya kwanza Babu alileta bastola tatu na wewe ulikuwa na kuku. Barua ya pili alileta mbili na ulikuwa na pasi. Nimeziweka mezani zote mbili, nimezisoma nikiwa namlisha Marlee uji.

Marlee hatakuja Juni. Hatakuja mpaka hiyo bastola itoke ndani ya nyumba, au ikae kwenye sanduku lenye kufuli ambalo ufunguo wake hauko kwako. Nimeandika sentensi hii mara kadhaa kwenye karatasi nyingine kuona kama inaweza kuwa laini zaidi. Haiwezi.

Mjukuu wako anayekupenda,
Twyla


Tolbert Wells
13 Aprili 1996

Twyla,

Nimeisoma barua yako. Nilikuwa na bastola hiyo nyumbani kwangu kabla mama yako hajazaliwa. Nilikuwa nayo usiku ule wa kimbunga ulipokuwa umelala mgongoni kwangu. Kikombe cha njano nitampa mtoto wa kanisani.

Kuku au pasi, bastola ni ileile.

Oleta Renfro


Abilene
5 Mei 1996

Bibi,

Sijapata barua yako tangu ile. Kila siku naangalia sanduku la posta, Marlee naye anaangalia, halafu ananiambia, "Hamna," kama karani. Verdell nimempigia simu, kasema unaendelea vizuri na hutaki kuzungumza habari zangu. Nikamwambia sawa, asikuzungumzishe. Basi nazungumza mwenyewe, wewe ukitaka usome, ukitaka uwashie jiko.

Nimefaulu. Nililenga shabaha na ile ndogo ya gurudumu. Bwana Pruitt alinionya kwamba ukifanya mtihani kwa ya gurudumu, kibali kinakuruhusu ya gurudumu tu, ya magazini huruhusiwi mpaka urudie. Nikamwambia sitarudia. Akaniuliza kwa nini ninasema kwa uhakika hivyo. Nikamwambia kwa sababu ya mayai kwenye trei. Hakuelewa.

Nimepata na pa kuivaa. Unakumbuka ule mkanda mpana wa kufunga tumbo niliopewa hospitali nilipopasuliwa kumzaa Marlee? Ule ulionifunga wewe, umeweka goti mgongoni kwangu kama unafunga begi? Nimeukata nikashona mfuko mgumu mbele, triga imefunikwa yote. Navaa chini ya shati, katikati, Marlee anabaki na nyonga yake. Nikifika nyumbani, kabla ya kuvua viatu, inaingia kwenye sanduku la chuma na ufunguo unaning'inia shingoni kwangu.

Ila nataka nikwambie jinsi nilivyoichagua, kwa sababu sikufuata jaribio la Babu. Nililigeuza. Mfuko wa mkanda unakaa juu ya kovu langu. Si maumivu, ila inanigusa nikiinama, inanigusa nikikaa, inanigusa nikimnyanyua mtoto. Siku nzima inaniambia nipo. Babu alikuuliza utaisahau ipi, kwa sababu aliyekuwa anaulizwa alikuwa mwanamke asiyesahau kitu. Ulikuwa unajua kuku yupi hajataga. Ulikuwa unajua nani kati yetu amekunywa soda kwa kusikia anavyopumua. Mtu kama yule anaweza kusahau bastola mfukoni, macho yake yanakumbuka kwa niaba yake. Mimi ninalala nikiwa nimesimama, Bibi. Juzi nimetia chumvi kwenye chai ya Curtis na sabuni ya unga kwenye jokofu. Mimi nahitaji ile inayokataa kusahaulika.

Nimefikiri sana kuhusu ule msumari. Nilikuwa naamini msumari ndio uliotulinda. Sasa na mimi ni mama, najua haukuwa msumari. Ulikuwa ni wewe. Ulikuwa unaosha vyombo umetupa mgongo, na bado mtu akinyanyua kiti unasema, "Rudisha," bila kugeuka. Hatukuiogopa ile pochi. Tulikuwa tumezungukwa na macho yako pande zote, na ndani ya macho yale tulicheza tulivyotaka. Sijawahi kuwa salama namna ile tena, na nimejaribu. Kila kiangazi nikisikia harufu ya vumbi lililonyeshewa natamani niwe nimelala kwenye baraza lako lenye wavu, wewe uko ndani unafunga milango huku unanung'unika.

Hicho ndicho nilichotaka Marlee apate. Kwa hiyo usidhani sijui ninamnyima nini, kwa sababu mimi ndiye niliyekipata.

Jibu langu bado ni lile lile. Na mlango wangu bado uko wazi.

Twyla

Marlee amechora hapa chini. Anasema ni wewe. Hizo si pembe, ni hereni.


Tolbert Wells
20 Mei 1996

Mjukuu wangu Twyla,

Barua yako haikuwasha jiko. Nimeisoma barazani, nikairudisha kwenye bahasha, kesho yake nikaisoma tena nikiwa nimeisahau kidogo, ikaniuma upya. Angalau faida ya kusahau ni kwamba barua nzuri unaipata mara mbili.

Nilikuandikia nyingine katikati ambazo sikutuma. Zilikuwa na maneno ya mtu mwenye haki. Nimekuwa na haki muda mrefu na nyumba imekuwa kimya sana.

Haya. Bega limekufa tangu kabla ya Krismasi. Mkono haupandi kupita sikio. Ndiyo maana msumari. Na majina yanatoroka, hata la Verdell lilitoroka wiki moja nikawa namwita bwana wewe. Alinivumilia. Ya kuku na pasi nimeyafikiria mpaka kichwa kimeuma. Nadhani ni kuku. Lakini nayaona mashati ya Hollis pia, meupe, yamepangwa. Ninachojua kwa hakika ni kwamba alicheka akakaa.

Unajua kwa nini sikutaka kuitoa? Si kwa ajili ya wezi. Nani aje kuiba huku, labda aibe upepo. Ni kwa sababu yeye ndiye aliyeichagua, na kila asubuhi nikiiweka kwenye pochi ilikuwa kama ananiuliza, "Ipi imekuudhi?" Vitu vingine vyake vyote nimegawa. Watu wakasema, Oleta, pumzika. Nikaachana na koti lake na buti zake na kofia. Hiyo ikabaki.

Jumatano nimempa Verdell. Ana kabati la chuma kwake la bunduki za kuwindia. Nilimwambia, ifungie, na nikija kuiomba uniambie huna. Akasema, "Bi Oleta, mimi nikuambie uongo?" Nikamwambia ndiyo, tena unikazie macho. Ijumaa nikaenda kuiomba. Akaniambia hana, akanikazia macho, masikio yakiwa mekundu kama nyanya. Nikarudi nyumbani nimekasirika, halafu njiani nikaanza kucheka peke yangu, nikalazimika kukaa kwenye ukingo wa barabara. Lori likasimama kuuliza kama nimeanguka.

Kwa hiyo imetoka. Lakini usimlete mtoto.

Nisikilize mpaka mwisho. Hollis alikuwa na nyingine, ndogo, ya kuulia nyoka. Alipokuwa mgonjwa aliniambia ameiweka wapi, nami nikaitikia, na mahali penyewe hapapo kichwani. Nimetafuta darini, ghalani, chini ya magodoro. Verdell naye ametafuta. Haipo. Yaani ipo. Na kitukuu changu anapanda viti. Ningekaa kimya ungemleta, najua, ungefurahi sana usingeuliza. Nililifikiria hilo siku mbili nikiwa natazama kile kitanda. Halafu nikakikunja.

Basi mimi nitakuja huko. Nyumba yako wewe ndiye mwenye macho. Mimi nitakaa na mtoto, nitamsuka, nitamwambia "rudisha" akinyanyua kiti, na wewe utajua kila kilichomo ndani ya kila droo, maana umekiweka mwenyewe. Uniachie mahali pa kulala karibu na dirisha na usinipikie vyakula vya kopo. Kikombe cha njano sikukitoa kwa mtu, nitakuja nacho. Mapichi Verdell ataleta kikapu.

Njoo unichukue Jumamosi. Nina ombi moja, na usinionee haya. Kabla sijaingia kwenye gari yako nipekue. Koti, begi, kikapu, kila kitu, mpaka kwenye soksi. Nikikwambia sina, usiniamini, pekua vilevile. Nitanyanyua mkono ule unaonyanyuka. Na Marlee mwache aone, acheke kama anataka kucheka, ilimradi asishushwe kwenye gari mpaka umemaliza.

Bibi yako,
Oleta